Mimea na sauti chumbani: ishara ni ya mmea kweli au ni ya waya tu?

Jani_na_Waya

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwenye instalesheni ya mimea na sauti iliyo karibu kufunguliwa. Swali langu nusu ni la umeme na nusu ni la sanaa, na sioni namna ya kuyatenganisha.

Chumbani kuna vyungu sita vya plastiki. Vinne vimepandwa Epipremnum aureum, ule mtambaazi wa majani yenye umbo la moyo, na viwili vimepandwa kifauongo, mmea unaojikunja majani ukiguswa. Kila mmea una pedi mbili za kupimia moyo zilizobandikwa kwenye majani. Pedi zinaingia kwenye saketi ya 555 (chipu inayotoa mipigo ya umeme), ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta) inapima urefu wa kila mpigo, na mabadiliko yakivuka kizingiti inatuma noti kwenye kompyuta ya sauti. Juu ya kila chungu kuna taa ya LED ya kukuzia mimea. Taa hizo zinawaka saa 12 jioni wageni wakishaondoka na kuzimika saa 12 asubuhi, ili mwanga wake wa zambarau usiharibu chumba. Lengo ni mgeni akikaribia au akigusa, chumba kijibu. Maonyesho ni wiki 6, saa 8 kwa siku.

Yanayonisumbua ni haya. Noti zinatoka usiku kucha hata mlango ukiwa umefungwa. Taa zikiwaka jioni, vyungu vyote sita vinapiga kwa pamoja. Kufikia siku ya tatu majani yaliyo chini ya pedi yanageuka kahawia. Vifauongo vinashinda vimejikunja mchana, vinafunguka usiku wakati hakuna wa kuviona.

Lebo ya kazi kwa sasa inasema "Mimea inaimba". Je, naweza kuisimamia sentensi hiyo mbele ya mtu anayejua mimea?

Omu_Kumi

Mkuu, kabla hujanunua chochote fanya jaribio la sponji. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweke kwenye maji yenye chumvi kijiko kimoja cha chai kwa lita, ikamue mpaka isichuruzike, bandika pedi mbili kwa umbali uleule wa kwenye jani, kisha iweke palepale penye chungu, chini ya taa ileile, kwa saa 24. Hifadhi namba zote pamoja na saa zake, halafu linganisha na za mmea. Sponji ikitoa noti kwa mtindo uleule, ujue saketi yako haisikii mmea. Inasikia unyevu na mgandamizo wa pedi.

Nasema hivyo kwa sababu 555 katika saketi hiyo haipimi umeme wa mmea. Inasukuma mkondo mdogo wa kwake kupitia jani na kupima ukinzani, yaani jinsi jani linavyozuia umeme: ukinzani ukipanda, mpigo unarefuka. Jeli ya pedi ikikauka, ukinzani unapanda. Feni ikitikisa jani, pedi inalegea na kukaza. Mkono ukikaribia, mwili unaleta mvumo wa umeme wa ukutani, Hz 50 au 60 (mizunguko kwa sekunde) kutegemea nchi, na mipigo inayumba. Yote hayo ni mabadiliko halisi, lakini hakuna hata moja ambalo mmea umelifanya.

Noti za usiku nadhani zinatoka kwenye programu. Programu nyingi za saketi hii zinachukua mipigo 10 hivi ya mwisho, zinatafuta jinsi inavyotawanyika, na kizingiti kinakuwa mtawanyiko huo mara namba fulani. Chumba kikitulia, mtawanyiko unapungua, na kizingiti kinashuka pamoja nao. Kwa hiyo hata ukimya kamili utazaa noti. Weka kizingiti cha chini kisichobadilika: pima mtawanyiko kwa saa moja chumba kikiwa kitupu, uzidishe mara 4, na usiruhusu kizingiti kishuke chini ya hapo.

Ukitaka mmea wenyewe, pima volteji badala ya ukinzani. Mimea inayojikunja ina ishara za umeme za kweli. John Burdon-Sanderson alizirekodi kwenye mtego wa nzi wa Venus mwaka 1873, na Jagadish Chandra Bose alifanya kazi kubwa kwenye kifauongo. Juu ya ngozi ya mmea utapata milivolti chache hadi makumi kadhaa, zinazodumu sekunde kadhaa. Saketi yake si ngumu.

Amplifaya: AD620, chipu ya kukuza ishara ndogo, yenye rezista ya kilo-omu 2.49 kati ya pini 1 na 8, ukuzaji unakuwa kama mara 21. Ilishe betri ya volti 9, na utengeneze nusu-volteji (volti 4.5) kwa rezista mbili za kilo-omu 10 zinazopita kwenye op-amp (chipu ya kukuza) iliyounganishwa kama bafa, yaani ya kushikilia volteji isiyumbe, si rezista peke yake. Elektrodi ya udongo, yaani waya unaogusa udongo, inaingia kwenye pembejeo hasi (pini 2) na pia kwenye hiyo nusu-volteji. Ukisahau hatua hii, mkondo mdogo wa pembejeo hauna pa kurudi, na tokeo litapanda mpaka ukingoni na kuganda huko. Wengi wanadhani chipu imekufa, kumbe ni waya mmoja umekosekana. Pini ya rejea, namba 5, nayo iende kwenye nusu-volteji.

Baada ya amplifaya weka rezista ya kilo-omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 1. Kichujio hicho kinaanza kukata kwenye Hz 1.6, kinatosha kwa ishara ya polepole kama hii. Kisha ADS1115, chipu inayogeuza volteji kuwa namba, ukiipimisha kati ya tokeo la kichujio na nusu-volteji, kwenye mawanda ya volti ±2.048. Usishawishike na mawanda ya ±0.256 kwa sababu tu yanaonekana makini zaidi: hapo pembejeo yake ina ukinzani wa kilo-omu 710 tu na itakula sehemu ya ishara yako. Kwenye ±2.048 ni mega-omu 4.9. Chukua kipimo kila milisekunde 2, wastani wa vipimo 50. Hiyo ni milisekunde 100 kamili, yaani mizunguko 5 ya Hz 50 au 6 ya Hz 60, na mvumo wa ukutani unajifuta karibu wote.

Usitumie ADC (kigeuzi cha volteji kuwa namba) ya ndani ya ESP32 kwa kazi hii. Ina kelele, na kwenye ESP32 ya kwanza pini za kundi la ADC2 hazisomeki Wi-Fi ikiwa imewashwa.

Elektrodi ndizo zinazoua kazi nyingi za aina hii. Msumari wa shaba upande mmoja na wa zinki upande wa pili, kwenye udongo wenye maji, ni betri ya karibu volti 1, na utakachosikia ni kutu. Tumia metali moja pande zote mbili, na nzuri kuliko zote ni waya wa fedha uliotiwa kloridi. Chukua waya wa milimita 0.25 hadi 0.5, usugue kwa msasa laini, uzamishe kwenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo kwa nusu saa hivi mpaka ugeuke kijivu cha zambarau, usuuze. Jeli yake: maji safi mililita 100, agari gramu 1, potasiamu kloridi gramu 0.75. Chemsha, poza, lowesha uzi wa pamba, zungushia kikonyo cha jani mara mbili pamoja na waya, kisha funika kwa plastiki nyembamba ili usikauke. Wa udongo uweke ndani ya mrija uliojazwa jeli ileile.

Kwa nini nasisitiza usikauke? AD620 inavuta nanoampea 1 hivi kwenye pembejeo. Mgusano ukikauka ukafika mega-omu 10, nanoampea hiyo moja inakuzalishia milivolti 10 za uongo, na zinapanda taratibu kiasi kwamba utaapa ni mmea unaamka.

Kuhusu taa kupiga vyungu vyote kwa pamoja, kuna sababu mbili zinazofanana kwa nje. Mwanga kweli unabadilisha umeme wa majani. Lakini draiva ya LED, kifaa kinachoilisha taa umeme, nayo inarusha kelele. Funika mmea kwa kitambaa cheusi kizito, washa taa. Mrukio ukibaki, ni draiva.

Mzizi_Mmoja

Naongezea upande wa mimea, maana wiki 6 ni muda mrefu kwa kiumbe kilichofungiwa ndani.

Vifauongo vyako haviumwi. Umevigeuzia usiku na mchana. Kifauongo kina saa yake ya ndani. Jean-Jacques de Mairan aliliona hilo mwaka 1729, alipoweka mmea wa aina hiyo gizani na majani yakaendelea kufunguka na kufunga kwa ratiba ya siku. Ukikipa mwanga wa kukulia saa 12 za usiku na nuru hafifu ya maonyesho mchana, kinahesabu usiku kuwa mchana. Washa taa saa mbili kabla ya kufungua mlango na uache ziwake mpaka mwisho wa saa za wageni. Kama rangi ya zambarau ndiyo tatizo, badilisha taa. LED nyeupe ya kawaida yenye nguvu ya kutosha inakuza mmea vizuri, na mgeni anaona kijani halisi. Kipe kifauongo siku kadhaa kirudi kwenye mstari.

Kiasi cha mwanga pimeni kwa kipimo, macho yanadanganya. Epipremnum inaridhika na mikromoli 100 kwa mita ya mraba kwa sekunde ikipata saa 12. Kwa siku inafika moli 4.3. Kwa LED nyeupe hiyo ni kama laksi 7,000 pale jani lilipo. Chumba cha maonyesho chenye laksi 150 kinatosha kutazama picha, kwa jani ni giza. Kifauongo ni mmea wa jua, kipe mara mbili ya hapo au zaidi, la sivyo kinarefuka, kinapauka, na kujikunja kwake kunakuwa kuzito.

Ukahawia chini ya pedi una sababu mbili: gundi inaziba jani, na chumvi ya jeli inaingia kwenye tishu. Kwenye Epipremnum matundu ya kupumulia yako zaidi upande wa chini wa jani, kwa hiyo pedi ya chini inadhuru haraka zaidi. Kama lazima pedi, ziwe upande wa juu, kata gundi yote ya pembeni ibaki duara la jeli tu, na hamisha kila siku mbili. Uzi wa pamba aliousema Omu_Kumi ni bora, lakini nao uhamishwe, sentimita moja juu au chini kwenye kikonyo, na mahali pa zamani pafutwe kwa pamba yenye maji.

Kifauongo kinahitaji mapumziko. Kikiguswa kinachukua kama dakika 10 hadi 20 kufunguka tena, na kikiguswa mfululizo kinapunguza kuitikia. Hesabu mwenyewe: saa 8, mguso mmoja kila dakika 20, ni miguso 24 kwa siku kwa chungu. Wakija wageni 200 kwa siku, hawatoshei humo. Andaa angalau vyungu sita vya kifauongo, viwili kazini na vinne pembeni chini ya mwanga mzuri, ubadilishe kila siku. Mbegu zake zina ganda gumu: zimwagie maji ya moto yasiyochemka, ziache zilale humo usiku mzima, panda kina cha nusu sentimita. Panda wiki 8 hadi 10 kabla. Mkimaliza msivitupe nje, maana kifauongo ni gugu sugu sehemu nyingi za joto duniani.

Kumwagilia kuwe saa ileile kila siku, kabla ya kufungua, na mtu aandike kiasi. Epipremnum subiri udongo wa juu ukauke sentimita 2 au 3. Kifauongo usikiache kikauke kabisa. Na kiyoyozi kisielekezwe kwenye mimea: kinakausha uzi, kinatikisa majani, na kifauongo kinajikunja kwa upepo bila mtu kukigusa.

Chumba_Cheusi

Omu_Kumi ameeleza vizuri, ila sikubaliani na wazo lililojificha kwamba ukinzani na ukaribu wa mwili ni kitu cha kutupwa. Inategemea kazi inadai nini.

Christa Sommerer na Laurent Mignonneau walitengeneza Interactive Plant Growing mwaka 1992. Mgeni anakaribia au kugusa mimea hai, na kwenye skrini mimea ya kompyuta inaota kufuatana na mkono wake. Kinachopimwa ni tofauti ya umeme kati ya mgeni na mmea. Mmea pale ni mlango, na kazi haidai zaidi ya hapo. Ndiyo maana inasimama mpaka leo. Hata Condensation Cube ya Hans Haacke, iliyoanza 1963, iko hivyo: sanduku la plastiki angavu lenye maji kidogo, umande unabadilika kwa joto la chumba na la miili ya watu. Hakuna anayesema sanduku linaongea, na bado unaweza kulitazama muda mrefu.

Kwa upande mwingine kuna kazi ambazo kiumbe au mazingira yenyewe ndiyo yanayotoa data. David Bowen katika tele-present wind anaweka bua kavu nje lenye kihisi cha mwendo, na mabua mengine ndani ya ukumbi yanayumbishwa na mota kwa upepo uleule wa nje. Unajua hasa kipi kinasafiri kwenye waya. Usafi huo ndio unaokosekana kwenye "Mimea inaimba".

Ushauri wangu: gawa vyungu kwa kazi. Vile vinne vya Epipremnum viwe vya kuhisi mwili. Vifauongo viwe vya kupima volteji. Usiweke mbinu zote mbili kwenye chungu kimoja, na sababu ni ya umeme kabisa. Kihisi cha mguso cha ESP32 kinachaji na kumwaga umeme kwenye mmea mara nyingi sana kwa sekunde, na amplifaya ya milivolti itazama humo. Pia zinataka vitu vinavyopingana: kihisi cha mguso hufanya kazi vizuri zaidi kikiwa na njia ya kwenda ardhini, inayokamilisha mzunguko kupitia mwili wa mgeni, wakati kipimo cha volteji kinataka betri isiyogusana na chochote. Ukikiweka kihisi cha mguso kwenye betri peke yake, kinasikia hafifu na utadhani mmea umekauka.

Kwa Epipremnum, toa pedi zote. Ingiza skrubu ya chuma cha pua yenye urefu wa sentimita 8 kwenye udongo karibu na mizizi, waya kwenda pini ya mguso kupitia rezista ya kilo-omu 1. Maji ya udongo na ya mmea yanafanya mmea mzima kuwa antena. Waya usizidi sentimita 30, maana waya mrefu nao unahisi, na mgeni atakayepita nyuma ya meza atapiga noti bila kuona mmea. Chungu kisikae juu ya chuma wala sahani yenye maji inayogusa sakafu. Kwenye ESP32 ya kwanza namba inashuka ukigusa, kwenye matoleo yake ya S2 na S3 inapanda. Ukibadilisha bodi katikati ya kazi bila kugeuza alama, chumba kitapiga kelele kikiwa kitupu na kunyamaza kikiguswa.

Kuna mtego kwenye kiwango cha msingi, yaani namba inayosomeka mmea ukiwa haujaguswa. Udongo ukiloweshwa, namba inahama, kwa hiyo lazima msingi ufuate taratibu. Ukisoma mara 50 kwa sekunde na kila mara ukachanganya elfu moja ya kipimo kipya, msingi unafuata kwa sekunde 20 hivi. Mgeni akishika jani kwa sekunde 20, basi naye anamezwa kuwa msingi, na akiachia programu inaona mguso wa kinyume. Dawa ni kusimamisha msingi wakati wa mguso. Lakini ukisimamisha bila kikomo, mtu akimwagilia maji programu inaona mguso usioisha, na noti inavuma mpaka jioni. Weka kikomo cha sekunde 90: mguso ukizidi hapo, kubali namba mpya kuwa msingi.

Sasa vifauongo. Mgeni akikigusa kwa kidole, kidole kinaleta mvumo wa ukutani na umeme tuli, na kipimo kinaruka papo hapo. Huwezi kutofautisha na mmea. Kwa hiyo mpe mgeni kijiti kikavu cha mbao, kimening'inizwa kwa uzi, cha kugusia vijani vya ncha. Elektrodi iwe kwenye kikonyo cha jani hilohilo, kama sentimita 5 kutoka pale panapoguswa, isiwe kwenye shina kuu, kwa sababu ishara mara nyingi haivuki kifundo cha jani kuingia shinani. Ishara ya kweli inatembea sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde, kwa hiyo itafika sekunde mbili hivi baada ya mguso. Kinachoruka papo hapo ni hitilafu. Kinachochelewa ni kifauongo.

Ucheleweshaji huo usiufiche. Kompyuta itakushawishi ujaze zile sekunde mbili kwa mlio wa kumridhisha mgeni. Acha. Aguse, aone vijani vikianza kujikunja kimoja baada ya kingine kama kitabu kinachofungwa, kisha sauti nzito ibadilike. Muda wa mmea ndio kazi yenyewe. Na baada ya hapo taa ya chungu ishuke hadi nusu kwa dakika 20, sauti yake inyamaze, mpaka kifunguke. Mgeni wa pili angoje.

Lebo naipendekeza hivi: "Vyungu vinne vinahisi mwili wako kupitia maji yaliyo ndani ya mmea. Kwenye viwili tunapima volteji kati ya kikonyo na udongo, na sauti inabadilika pale kifauongo kinapopeleka ishara ya kujikunja. Noti zimechaguliwa na msanii." Sentensi ya mwisho usiitoe. Mmea haujui muziki, ngazi ya noti ni uamuzi wako, na uamuzi huo ni wa kuheshimiwa, hauna haja ya kujificha nyuma ya jani.

Jani_na_Waya

Asanteni sana, wakuu. Majaribio mawili yamefanyika. Sponji imetoa noti usiku kucha, na zilikuwa nyingi zaidi kadiri ilivyokauka. Kwenye kitambaa cheusi, mrukio wa taa umebaki palepale, kwa hiyo ni draiva. Saketi ya 555 naiondoa, na lebo inabadilika kama alivyosema Chumba_Cheusi.

Yamebaki mawili. Draiva nifanyeje, ikiwa sasa taa zitawaka wakati wa wageni? Na betri ya volti 9 itadumu wiki 6?

Omu_Kumi

Draiva: tatizo mara nyingi ni kufifisha mwanga kwa kuwasha na kuzima haraka. Tumia LED za volti 24 bila kufifisha, zikiwaka kwa mkondo usiobadilika, na kiasi cha mwanga ukirekebishe kwa kupandisha au kushusha taa. Lile wazo la kushusha taa hadi nusu kifauongo kikipumzika lifanye kwa seti mbili za LED, moja izimwe kwa swichi. Kibadilishaji cha umeme kiwe mita 2 au zaidi kutoka kwenye vyungu, waya mbili za taa zisokotwe pamoja, na zisitembee sambamba na waya wa elektrodi. Zikikutana, zipishane kwa pembe mraba. Waya wa elektrodi uwe wa ngao (wenye wavu wa chuma kuuzunguka), ngao iunganishwe upande wa amplifaya tu.

Betri: AD620, bafa na ADS1115 kwa pamoja zinakula milliampea chache, ila ESP32 ikiwa na Wi-Fi ndiyo mlafi, inaruka hadi mamia ya milliampea kwa vipindi vifupi. Betri ya volti 9 haitamaliza hata siku moja nayo. Weka ESP32 ya vifauongo kwenye betri ya lithiamu ya kwake, milliampea-saa 10,000, na peleka data kila milisekunde 100, katikati ya vipimo, usipeleke wakati wa kupima. Zikiwa betri mbili, ziunganishe mahali pamoja tu, karibu na ADS1115, na ADS1115 yenyewe iwe kwenye volti 3.3 ya ESP32 na si volti 9, la sivyo utaiunguza. Nusu-volteji yako ni 4.5, hiyo inazidi kinachoruhusiwa kwenye pini za ADS1115 ikiwa ardhi ya pamoja ni upande hasi wa betri. Kwa hiyo usiunganishe pande hasi za betri hizo; muungano pekee uwe wa ile nusu-volteji na nusu ya 3.3, yaani 1.65, ambayo nayo itengenezwe kwa rezista mbili na bafa. Hapo pini zote mbili zinacheza kuzunguka 1.65, na unaruhusiwa kwenda volti 1.6 hivi juu na chini. Kwenye ukuzaji wa 21 hiyo ni milivolti 76 kutoka kwenye mmea, inatosha.

Mzizi_Mmoja

Angalizo moja kwenye betri za kuchajia simu: nyingi zinajizima zikiona mzigo mdogo, kama nusu dakika tu baada ya ESP32 kuingia usingizini. Ama usiilaze, ama nunua ile yenye hali ya mzigo mdogo. Na badilisha betri wakati uleule wa kumwagilia, kabla ya kumwaga maji, mikono ikiwa mikavu. Kibadilishaji cha volti 24 kiwe juu ya usawa wa vyungu, kebo zake zining'inie chini kidogo kabla ya kuingia kwenye kifaa ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni, na njia ya umeme ya chumba iwe na swichi ya kukata mvujo ya milliampea 30. Ijaribu kwa kitufe chake kila Jumatatu.